Namba 2 kwenye filamu za kung fu: tunayosema Bukavu na yaliyo kweli

Bukavu hatukosi mahakimu wa filamu za mapigano. Iwe Kadutu, Nyawera au Essence, taja tu Ip Man, Ong-Bak au Boyka, yule mpiganaji wa filamu za Undisputed, na kabla hujamaliza kuna mtu ameshakata kesi: ya kwanza ilikuwa kali, ya mbili imeharibika. Mara nyingi hukumu hiyo inaangukia filamu isiyo na kosa, kwa kuwa mtazamaji alikaa akingojea kitu ambacho walioitengeneza hawakukiahidi. Nimezipenda filamu hizi tangu utoto, na inaniuma kuona kazi ya watu walioumia mbele ya kamera ikidharauliwa kwa sababu zisizo za kweli. Nianze na dhana inayozaa nyingine zote.

"Ya mbili inaendelea pale ya kwanza iliishia"

Mara nyingine ndiyo. The Raid 2, ya mwaka 2014, inaanza saa chache tu baada ya mkasa wa ile ya kwanza. Lakini namba iliyo kwenye jina la filamu ni uamuzi wa biashara, wala haimlazimishi mtunzi kuendeleza hadithi ileile.

Chukua Ong-Bak. Katika ile ya 2003, Tony Jaa ni Ting, kijana wa kijijini wa nyakati zetu hizi, anayekwenda Bangkok kutafuta kichwa cha sanamu ya Buddha kilichoibiwa. Ong-Bak 2, ya 2008, inatupeleka karne ya 15, enzi za falme na watumwa, na Tony Jaa ni mtu mwingine kabisa anayeitwa Tien. Anayemngojea Ting atokee atangoja mpaka majina ya mwisho yapite. Hata upiganaji umebadilika: ya kwanza ilisimama juu ya muay thai, mapigano ya jadi ya Thailand, viwiko na magoti, lakini hapa kuna panga, kuna mitindo ya Kichina, kuna vita juu ya migongo ya tembo. Kosa lake la kweli liko mwishoni, maana hadithi inakatika ghafla. Wakati wa kuitengeneza kulikuwa na matatizo, Tony Jaa akaondoka kazini kwa muda, na mwalimu wake Panna Rittikrai akaitwa kusaidia kuimaliza. Tien aliachwa njiani mpaka Ong-Bak 3 ya 2010. Mwenye kulalamikia mwisho ule nakubaliana naye. Mwenye kulalamika kwamba "wamesahau hadithi ya Ting" amekosea mlango.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani. La 36e Chambre de Shaolin ya 1978 ilimpa Gordon Liu nafasi ya mtawa San Te, na kichwa chake kilichonyolewa kikajulikana dunia nzima. Mwaka 1980 ikaja Retour à la 36e chambre, mwongozaji yuleyule Lau Kar-leung, sura ileile. Mtu anasema: San Te amerudi, lakini mbona sasa ni mjinga, hajui hata kupiga? Si San Te huyo. Safari hii Gordon Liu anacheza tapeli anayejifanya San Te ili kuwatisha mabwana wanaowaonea wafanyakazi wa kiwanda cha kutia nguo rangi, na San Te wa kweli amechezwa na mtu mwingine. Tapeli anaaibishwa, anakimbilia hekaluni kuomba afundishwe, na badala ya mafunzo anapewa kazi ya kujenga kiunzi cha mianzi kuzunguka jengo. Anafunga mianzi, anapanda, anashuka, anafunga tena. Akirudi nyumbani anagundua kwamba mikono na miguu yake imeshajifunza kung fu pasipo yeye kujua. Ni wazo zuri mno, na linampita kabisa mtazamaji aliyekasirika tangu mwanzo kwa kudhani San Te ameharibiwa.

"Bruce Lee alicheza episode nyingi, zile za mwisho amechoka"

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32. Filamu za kung fu alizozimaliza yeye mwenyewe akiwa akta mkuu ni nne: Big Boss ya 1971, La Fureur de vaincre na La Fureur du dragon za 1972, na Opération Dragon ya 1973. Hakuna hata moja inayoendeleza nyingine.

Mkanganyiko ulitengenezwa na wasambazaji. La Fureur du dragon ilitoka Hong Kong kabla ya Opération Dragon, lakini Marekani ilifikishwa baadaye, mwaka 1974, ikapewa jina Return of the Dragon ili ionekane kama ni mwendelezo. Le Jeu de la mort, aliyoanza kuipiga 1972 akaiacha, ilikamilishwa 1978 kwa kutumia watu waliofanana naye. Kisha ikatengenezwa na "ya mbili" yake, yenye vipande vya zamani vya marehemu na mtu mwingine akipigana mahali pake. Ukiongeza filamu za Bruce Li, ambaye jina lake ni Ho Chung-tao wa Taiwan, na za Bruce Le, utaona kwa nini orodha ya "Bruce Lee" haiishi pale unapojaza filamu kwenye flashi. Aliyechoka katika nyingi za filamu hizo hakuwa Bruce Lee.

"Ya mbili ni ya kutafuta feza tu"

Feza ipo, hakuna anayebisha. Ila sikiliza habari ya The Raid. Gareth Evans, mtu wa Wales, alikuwa ameandika hadithi kubwa ya magereza na majambazi wa Jakarta, akitaka kuipiga na Iko Uwais, bingwa wa pencak silat, mapigano ya jadi ya Indonesia. Feza haikupatikana. Ndipo akaandika hadithi ndogo ya gharama nafuu, yote ndani ya jengo moja, polisi wakipanda ghorofa baada ya ghorofa. Hiyo ndogo ndiyo The Raid ya 2011. Ilipopendwa, alirudi kwenye andiko lake la zamani, akalibadilisha kidogo, likawa The Raid 2. Kwa hiyo ile tunayoiita ya mbili ndiyo kubwa kwa umri, na ile ya kwanza ndiyo iliyozaliwa kwa ukosefu wa feza. Kuwa ndefu ni ndefu kweli, dakika 150, na katikati mazungumzo yanavuta. Lakini lile pambano la jikoni mwishoni sijaona la kulishinda katika filamu za silat.

Jackie Chan naye alirudia nafasi ya Wong Fei-hung katika Combats de maître, ya mbili ya Drunken Master, mwaka 1994, miaka 16 baada ya ile ya kwanza, akikaribia miaka 40. Mwongozaji Lau Kar-leung aliondoka kabla ya kazi kuisha, na pambano la mwisho likaongozwa na Jackie mwenyewe, dhidi ya Ken Lo aliyewahi kuwa mlinzi wake. Kwenye pambano hilo alitambaa kinyumenyume juu ya makaa ya moto, kweli kabisa. Kwa macho yangu hiyo inaishinda ya kwanza, na wengi duniani wanasema hivyo.

"Akta akibadilishwa, filamu imekufa"

Kickboxer 2 ya 1991 ndiyo inayotajwa kila mara. Van Damme hayumo, na tunaambiwa tu kwamba Kurt Sloane, yule aliyemcheza katika ya kwanza, aliuawa. Hapo nawaelewa wanaolalamika. Lakini walewale wanaosema hivyo wanampenda Boyka kuliko kitu chochote, na Boyka asingekuwepo bila akta kubadilishwa. Undisputed ya 2002 ilikuwa filamu ya ngumi za gerezani, Wesley Snipes na Ving Rhames. Katika ya pili, ya 2006, nafasi ya Rhames ilichukuliwa na Michael Jai White, gereza likahamia Urusi, ngumi zikageuka mapigano ya mikono na miguu, na shefu bandi, yaani adui mkuu, akawa Boyka, anayechezwa na Mwingereza Scott Adkins. Watu wakatoka wakimzungumzia shefu bandi! Mwaka 2010, katika ya tatu, Boyka ndiye akta mkuu, akichechemea kwa goti alilovunjwa mwishoni mwa ya pili.

"Ip Man ya mbili ni historia ya kweli"

Ip Man mwenyewe ni wa kweli: alizaliwa Foshan 1893, akafariki Hong Kong 1972, akafundisha wing chun, mtindo mmoja wa kung fu, na Bruce Lee alikuwa mwanafunzi wake. Yule bondia Mwingereza anayemwua ulingoni Bwana Hung, mwalimu mwingine wa kung fu, na Ip Man kumlipizia kisasi mbele ya umati, yametungwa. Hata yule mtoto wa mwishoni, anayeonyeshwa kuwa Bruce Lee, amewekwa kwa utamu, maana filamu inasimulia mwaka 1950, wakati Bruce Lee alijiunga na mwalimu huyo baadaye, akiwa kijana. Uongo huo hauipunguzii filamu chochote, mradi tusiwafundishe watoto kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Mapigano ni kamera tu"

Kamera husaidia, kamba za kuwainua waigizaji hewani pia. Lakini mtu hupanga kila pigo, na huyo ndiye wa kumwuliza unapotaka kujua kwa nini ya pili inatofautiana na ya kwanza au ya tatu. Ip Man mbili za mwanzo zilipangwa na Sammo Hung, ambaye ndiye pia Bwana Hung wa ya pili. Ya tatu na ya nne alipanga Yuen Woo-ping, yule aliyeongoza Drunken Master mwaka 1978. Tazama pambano la juu ya meza katika ya pili, Donnie Yen, anayemcheza Ip Man, na Sammo Hung wakigombania nafasi isiyotosha watu wawili, kisha tazama Donnie Yen na Mike Tyson katika ya tatu, dakika tatu zinazohesabiwa kwa saa. Mkono wa mpangaji utauona mwenyewe.