Bustani ya mboga nyuma ya nyumba, Dar es Salaam: anza na ndoo, mbegu baadaye

Watu wengi wanaotaka bustani ya mboga nyumbani huanzia duka la pembejeo, kwenye pakiti za mbegu zenye picha nzuri. Mimi hushauri waanzie bombani. Kiasi cha maji unachoweza kumwaga kila siku mwezi Januari, jua likiwa kali na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, wamekata, ndicho kinachoamua ukubwa wa bustani yako. Mengine yote yanafuata hapo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Katika udongo wa kichanga tulionao sehemu kubwa ya Dar, mita mraba moja ya mboga wakati wa kiangazi huhitaji takriban lita 5 kwa siku. Ndoo ya lita 20 basi inatosha mita mraba 4. Bustani ya mita mraba 20, ambayo nitaitumia kama mfano humu, ni ndoo tano kila siku. Kama una uhakika wa ndoo mbili tu, lima mita mraba 8 na uridhike. Mboga yenye kiu haikai ikikusubiri: mchicha hukimbilia kutoa mbegu na majani yake hukakamaa, bamia huwa nyuzi tupu, na nyanya inayonyweshwa leo na kusahauliwa kesho huoza kitako kwa sababu madini ya kalisi (kalsiamu) hayafiki kwenye tunda maji yanapopanda kwa kukatika-katika. Hapo utaambiwa ununue dawa, na dawa haitasaidia kitu.

Kama maji yako ni ya kisima kirefu, yaonje. Yakiwa na chumvi, achana na maharage, karoti na vitunguu, kwa maana hivyo huathirika mapema. Spinachi ndiyo huvumilia zaidi. Maji ya kusuuza vyombo yanafaa, lakini ya kufulia nguo kwa sabuni ya unga yasizoeleke bustanini, kwani magadi yaliyomo huharibu udongo na kuufanya ugande.

Baada ya maji, tazama jua, na hapa wengi hukosea kwa sababu huangalia eneo siku moja tu. Dar iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri hubadili upande. Mwezi Juni jua liko kaskazini, na ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 1.75 upande wa kusini saa sita mchana. Mwezi Desemba jua liko kusini, na ukuta uleule hutupa kivuli cha takriban sentimita 90 upande wa kaskazini. Asubuhi na jioni vivuli hurefuka zaidi. Kwa hiyo tuta lililobanwa kwenye ukuta upande wa kusini litapoteza jua hasa wakati wa kipupwe, msimu ambao nyanya zetu zinalihitaji. Nyanya, bamia, nyanya chungu na mchicha wape sehemu yenye jua kwa saa sita au zaidi. Matembele na chainizi vinavumilia kivuli cha nusu siku. Kaa mbali na mwembe, maana mizizi yake itakunywea ndoo zako, na usilime karibu na shimo la maji taka hata kama mboga pale zinaonekana kunawiri.

Upana wa tuta uwe mita 1, usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Njia ziwe sentimita 40 hadi 50. Je, tuta liinuliwe au lizamishwe? Picha nyingi za mtandaoni zinaonyesha matuta yaliyoinuliwa, na watu huiga. Kwenye kichanga, tuta lililoinuliwa hukauka kabla ya saa nne asubuhi. Wakati wa kiangazi ninapendelea tuta lililozama sentimita 10 chini ya njia, lenye kingo, ili kila tone likae linapomwagwa. Masika yakikaribia, Machi, rudisha udongo na uinue tuta sentimita 15 hadi 20, la sivyo miche itaogelea. Kama udongo wako ni mfinyanzi, inua mwaka mzima.

Mbolea ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, weka debe moja kwa kila mita mraba 2, ichanganywe na udongo hadi kina cha sentimita 20. Ya kuku ni kali zaidi, nusu ya kiasi hicho inatosha, na lazima iwe imeoza kweli. Ingiza mkono katikati ya lundo: ikiwa bado ina joto au harufu inayochoma pua, iache wiki kadhaa zaidi. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu na funza wa ardhini. Kichanga humeza mboji haraka, kwa hiyo rudia kila unapopanda mazao mapya, walau nusu debe.

Sasa tugawe zile mita mraba 20 kwa familia ya watu watano: 8 za mchicha, 2 za matembele, 4 za sukuma wiki au chainizi, 4 za nyanya na nyanya chungu, na 2 za bamia. Kabichi sikuiweka makusudi. Inakalia nafasi karibu miezi mitatu ili ikupe kichwa kimoja kila shina, na sokoni si ghali. Nafasi ndogo ipe mboga unayoichuma mara nyingi.

Mchicha ndio unaofundisha kupanga. Kosa kubwa kuliko yote ni kusia mita mraba 8 zote siku moja: wiki ya nne unakuwa na mchicha wa kugawa mtaa mzima, wiki ya sita umekomaa, na wiki ya saba unanunua sokoni. Gawa eneo hilo vipande vinne vya mita 1 kwa 2. Sia kimoja kila Jumamosi. Kipande cha kwanza kitaanza kung'olewa siku ya 21 hivi, ukianza na mashina makubwa ili madogo yapate nafasi, na kufikia siku ya 28 kiwe kimeisha. Ongeza samadi, sia tena siku hiyohiyo. Kila kipande kikitunzwa hutoa kilo mbili hadi nne, na mzunguko haukatiki.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Kwa kipande kimoja nusu kijiko cha chai inatosha. Ichanganye na kikombe cha mchanga mkavu ili mkono usimwage nyingi mahali pamoja. Chora mistari yenye umbali wa sentimita 20, kina kisichozidi sentimita 1, funika kidogo, kisha tandaza nyasi kavu. Mbegu zisipoota, sababu mara nyingi ni mbili: zimefukiwa sana, au sisimizi wamezibeba usiku. Majivu kuzunguka kingo huwazuia, ila yaweke tena baada ya kumwagilia. Mara miche inapochomoza ondoa nyasi, usingoje kesho, maana itarefuka na kuwa myembamba. Ukitaka kuongeza urea, subiri siku ya 14 na utumie gramu 10 kwa mita mraba, yaani vifuniko viwili vya soda, kwenye maji lita 10, kisha suuza majani kwa maji safi.

Matembele hayana shida. Kata marando ya sentimita 30, fukia theluthi mbili, na baada ya wiki tano hivi anza kuchuma ncha. Sukuma wiki iwe sentimita 50 kwa 50, yaani mashina manne kwa mita mraba. Bamia loweka mbegu usiku mmoja, panda moja kwa moja, sentimita 45 kwa 30, na ikianza kuzaa ichume kila baada ya siku mbili hata kama huna haja nayo siku hiyo. Ukiacha matunda yakakomaa, mmea unaacha kuzaa.

Nyanya ndiyo ngumu pwani. Usiku wa Januari hadi Machi ni wa joto mno. Maua yanatoka kwa wingi kisha yanadondoka bila kushika tunda. Panga maua yaangukie Juni hadi Agosti: sia kitaluni mwishoni mwa Aprili, chini ya kivuli cha makuti kinachokinga pia matone makubwa ya masika, punguza kivuli wiki ya mwisho ili miche izoee, hamishia bustanini jioni mwishoni mwa Mei kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60, na uchomeke fito za kuegemeza za mita 1.5 siku hiyohiyo kabla mizizi haijatawanyika.

Zao la nyanya likiisha, ng'oa shina na utazame mizizi. Vinundu vinundu kama shanga ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo mno inayoishi kwenye mizizi, na kichanga chetu kinawapenda. Watu husema "badilisha familia ya mazao", kisha hupanda bamia pale ilipokuwa nyanya. Bamia si ukoo mmoja na nyanya, ila minyoo hao huishambulia vibaya vilevile. Na ndani ya ukoo wa nyanya wamo biringanya, nyanya chungu, hoho, pilipili na hata mnavu, ambao wengi huusahau. Choma mizizi yenye vinundu. Tuta hilo lipumzishe Januari na Februari bila maji, ulipindue mara mbili ili jua likaushe udongo wa chini. Utakuwa umeokoa ndoo moja ya maji kila siku katika miezi ambayo maji ni ya shida.

Wadudu: vidukari kwenye sukuma wiki huanza chini ya majani machanga, kwa hiyo geuza majani mara mbili kwa wiki. Wakiwa wachache, wasugue kwa vidole. Wakizidi, tumia kilo moja ya majani mabichi ya mwarobaini yaliyotwangwa, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu dawa hiyo. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa ndani ya majani, hana huruma kwenye nyanya. Jani lenye michoro myeupe lichume na kulichoma mapema, usilitupe kwenye mboji. Na ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo. Usiipulize kamwe karibu na mchicha, kwani mchicha wa siku 21 unaweza kuwa jikoni kesho.