Mita moja chini ni miaka mingapi?

Wanaokuja kutazama magofu ya Kaole, kilomita tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo, huniuliza mimi mchimbaji wa mambo ya kale swali hili kuliko yote. Halina jibu. Tabaka la udongo hutokana na tukio, na tukio la siku moja laweza kuacha udongo mwingi kuliko miaka mia ambayo hakuna aliyekaa hapo.

Mgeni huona msikiti wa mawe na makaburi ya nguzo, akadhani huo ndio mji wote. Lakini katika miji hii ya kale wengi waliishi katika nyumba za fito na udongo, na hizo ndizo zinazotengeneza ardhi. Nyumba ikihamwa, makuti huoza mapema. Mvua hupiga vichwa vya kuta, udongo ukaporomoka pande zote mbili, huku mchwa wakimaliza fito. Anayetaka kujenga tena hapo hahangaiki kuzoa kifusi. Hukisawazisha, akakishindilia na kusimika nguzo juu yake. Kiwanja kimepanda tayari, kwa kazi ya siku chache. Nyumba ikiungua, sisi wachimbaji hufurahi (mwenyewe hakufurahi, najua): udongo uliookwa huwa mwekundu, haulainiki tena kwa mvua, na hubaki na alama za fito zilizokuwa ndani.

Jengo la mawe ya matumbawe huanguka kwa mpango wake. Juu ya sakafu ya chokaa huja kwanza vumbi na mavi ya popo, ya kipindi gofu lilipokuwa bado limesimama. Kisha dari, boriti zikishaoza. Kisha lipu, na mwisho mawe yenyewe. Mawe mazuri huchukuliwa na watu kujengea kwingine, kwa hiyo kifusi kidogo si ushahidi kwamba jengo lilikuwa dogo.

Cha chini kilitangulia cha juu: kanuni hiyo ni ya kweli kwa matabaka, ila vitu vilivyomo ndani yake havina adabu hiyo. Choo au kisima kilichochimbwa karne ya 19 hushusha kigae cha karne ya 19 hadi usawa wa tabaka la karne ya 13, vikalala bega kwa bega. Dawa yake ni kutafuta mdomo wa shimo na kuona lilianzia tabaka gani. Mimi hupulizia maji ukuta wa mtaro tunaouchimba, asubuhi, kabla jua halijakausha rangi. Mpaka ambao mchana hauonekani hujitokeza wenyewe. Mizizi ya mibuyu na kaa wa pwani hutuvurugia pia, lakini mchwa ndio mafundi. Hupandisha udongo laini juu miaka nenda miaka rudi, na vigae vikazama taratibu bila mtu kuvigusa.

Umri wa tabaka tunaupima kwa kitu kichanga kuliko vyote vilivyomo, maana haliwezi kuwa limefunikwa kabla kitu hicho hakijatengenezwa. Hapa kauri ya China huwalaghai wengi. Bakuli la karne ya 14 liliweza kutunzwa na ukoo vizazi kadhaa kabla ya kuvunjika, na mengine yalipachikwa kwenye makaburi, Kaole na hata Tongoni kule Tanga. Kwa kazi hii naamini zaidi chungu cha kupikia, ambacho hununuliwa, huvunjika na kutupwa upesi.

Na sisi wachimbaji tumo kwenye matabaka hayo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kaole mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila uchimbaji huacha lundo lililopinduka, udongo wa juu ukiwa chini na wa chini ukiwa juu, pamoja na mitaro iliyofukiwa ambayo asiyejua ataisoma kama mashimo ya kale. Kwa hiyo sifungui mtaro mpya kabla ya kupitia ramani za waliotangulia. Nikimaliza wangu, natandika nailoni chini, naweka sarafu ya mwaka huo, ndipo vijana waanze kufukia.