Maana ya "kulazwa kunakoepukika" kwa mzee

Kila asubuhi bibi yangu alikuwa akiitikia shikamoo kwa "marahaba" ndefu, kisha maswali: umeamkaje, watoto wanaendeleaje, mmeshakunywa chai? Jumatatu moja alisema "marahaba" akageukia ukutani. Uji akauacha nusu kikombe. Tukasema amechoka. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Alhamisi usiku alikuwa akiwaita kwa majina watu waliokwisha kufa, midomo imemkauka, nasi tukamkimbiza hospitali kwa gari la jirani, kutoka Igoma hadi Mwanza mjini. Alilazwa siku kumi na moja kwa maambukizi ya njia ya mkojo na upungufu wa maji mwilini. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa akienda chooni mwenyewe kwa fimbo yake. Aliporudi, alihitaji watu wawili wa kumnyanyua.

Hiyo ndiyo maana ya kulazwa kunakoepukika: mzee kulazwa kwa tatizo ambalo lingetibika au kuzuilika mapema, palepale anapoishi au kwenye zahanati ya karibu. Wengi hudhani maneno haya yana maana ya kumnyima mzee hospitali. Sivyo. Alhamisi ile bibi alistahili kulazwa kabisa, na pengine ndiko kulikomwokoa. Kosa letu lilikuwa Jumatatu.

Dhana hii imefanyiwa kazi sana katika makao ya wazee ya Marekani, ambako wauguzi wapo lakini wakazi walikuwa wakipelekwa hospitali mara kwa mara kwa mambo yaliyoweza kushughulikiwa humo humo. Mwaka 2012 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kupunguza safari hizo, na awamu yake ya pili, kuanzia 2016, ikalenga magonjwa sita: nimonia, upungufu wa maji mwilini, moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, pumu na magonjwa sugu ya mapafu, maambukizi ya ngozi, na maambukizi ya njia ya mkojo. Ni magonjwa ya kawaida, ambayo hata mhudumu wa zahanati anayafahamu. Kwa Kanda ya Ziwa mimi naongeza malaria bila kusita.

Kwa nini kulazwa kuogopwe, wakati hospitali ndiko kwenye madaktari? Kwa sababu kitanda chenyewe kinamla mzee. Siku chache za kulala tu zinatosha kuilegeza misuli ya miguu ambayo tayari ilikuwa imepungua. Ngozi ya makalio na visigino ikigandamizwa muda mrefu bila kugeuzwa, inachubuka na kuwa kidonda cha kulalia. Mpira wa mkojo unafungua njia kwa vijidudu. Halafu kuna kuchanganyikiwa: taa za usiku kucha, sura ngeni, hajui choo kiko upande gani, mzee mwenye akili timamu anaanza kuweweseka, anashuka kitandani gizani na kuanguka. Kijana wa miaka 25 akilazwa wiki moja anarudi alivyokuwa. Mzee wa miaka 80 mara nyingi anarudi amepoteza kitu, na wakati mwingine hakirudi tena.

Ugumu uko kwenye dalili, maana mwili wa mzee hausemi kwa sauti kubwa. Kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo anaweza kukaukiwa asiombe maji. Joto nalo hudanganya: kwa mzee anayeishi kwenye makao ya wazee, nyuzi 37.8 tayari ni homa, na hata ongezeko la nyuzi 1.1 juu ya kawaida yake mwenyewe linatosha kumfuatilia. Ukisubiri 39 ndipo ushtuke, umechelewa. Nimonia inaweza kuja bila kikohozi cha maana, na malaria bila kutetemeka. Kinachotangulia mara nyingi ni mabadiliko madogo ya mtu mwenyewe: anaongea kidogo kuliko jana, hamalizi chakula, analala mchana kutwa, anashika ukuta mahali alipokuwa akipita bila kushika, hajapata choo siku tatu.

Mabadiliko hayo hayaonwi na daktari. Anayeyaona ni yule anayemwogesha, anayemletea ugali na supu ya sato, anayefua shuka zake. Katika makao ya Marekani wameweka fomu fupi ambayo hata mpishi au mfagiaji anaweza kuijaza akiona mzee "si yule wa jana", na muuguzi anapaswa kumpima mzee huyo bila kungoja. Naliona hilo kuwa jambo la heshima kubwa, kumsikiliza mfagiaji. Tuna makazi ya wazee ya serikali hapa Bukumbi, wilayani Misungwi, lakini wazee wetu walio wengi wako nyumbani, mikononi mwa mabinti, wakwe na wajukuu. Hao ndio wauguzi wa zamu.

Kubadilika hakukuambii ugonjwa ni upi. Kunakuambia nenda kapime leo: kipimo cha haraka cha malaria, mkojo, sukari, presha. Kukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki kwa kubahatisha ni hatari nyingine. Kwa mgonjwa wa moyo ongeza mizani, kwa sababu kilo mbili zikipanda ndani ya siku tatu, ni maji yanayojaa mwilini, na dawa ikirekebishwa mapema huenda asilazwe.

Zipo dalili ambazo hazina mjadala. Mdomo umekwenda upande, mkono umelegea ghafla, kifua kinabana, pumzi hazitoshi, ameanguka na hawezi kukanyaga mguu, amepoteza fahamu: mpelekeni hospitali saa ile ile.

Na mzee mwenyewe aulizwe angali na nguvu za kujibu. Wengine wanataka kila tiba inayowezekana. Wengine, wakijua ugonjwa hauponi tena, wanataka maumivu yatulizwe wakiwa kitandani kwao. Nimeona familia zikibishania jambo hilo kwenye korido ya wodi, mwenye mwili asiweze tena kusema.

Siku hizi nyumbani kuna daftari juu ya kabati. Tunaandika vikombe vya maji, chakula, choo, uzito. Miezi saba baada ya kulazwa kule, dada aliandika: "Marahaba fupi. Uji robo." Asubuhi ile ile alimpandisha bibi kwenye bajaji hadi zahanati. Mkojo ulipimwa, na saa nane mchana bibi alikuwa kibarazani na dawa zake, anauliza kama watoto wamekula.