Jino Limeng'olewa, Maumivu Yamebaki: Panya wa Maabara Wanatuonyesha Nini

Yuko mgonjwa ambaye kila daktari wa meno nchini Uganda, awe Mulago au Arua, amekwisha kumwona. Gego lilitoboka, likauma kwa miezi, akawa ananunua amoksilini na metronidazo katika duka la dawa. Maumivu yakitulia anasahau, yakirudi ananunua tena, hadi siku alipong'olewa. Sasa kidonda kimefunga, usaha hakuna, na picha ya eksirei haionyeshi kitu. Lakini shavu linauma bado, na upepo wa kwenye bodaboda unatosha kumfanya ashike uso. Akikutana na mtu mwenye haraka, atang'olewa jino la jirani, kisha la tatu, na yote ni mazima.

Maumivu yanayodumu au kujirudia zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu. Hata baada ya kusafishwa na kuzibwa mzizi wa jino, kazi ikafanyika vizuri, takriban watu 5 kati ya 100 huendelea kuumwa miezi 6 baadaye. Kwa nini hao watano na si wengine? Hakuna anayeweza kukata vipande vya neva na ubongo wa mgonjwa aliye hai ili atafute jibu. Ndiyo sababu swali hili limepelekwa kwa panya.

Jino lina tabu yake ya pekee. Kiini chake, yaani ile nyama laini yenye mishipa ya damu na neva, kimefungiwa ndani ya kuta ngumu. Mkono ukivimba, ngozi hutanuka. Kiini kikivimba hakina pa kwenda, shinikizo hupanda, damu hupungua, na hatimaye kiini hufa. Hapo jino laweza kunyamaza ghafla, mwenye nalo akadhani amepona, kumbe bakteria wanashuka kwenye mzizi na kuanza kula mfupa wa taya. Hapo pia vidonge vya antibayotiki huwa havifiki: kiini kilichokufa hakina damu ya kuvipeleka.

Kwamba bakteria ndio chanzo cha tatizo, panya wenyewe walithibitisha mwaka 1965. Kakehashi, Stanley na Fitzgerald wa Marekani walitoboa magego ya panya wa kawaida, na ya panya waliolelewa bila kijidudu chochote mwilini. Wa kawaida walioza kiini na kupata majipu. Wale wasio na vijidudu, ingawa matundu yao yaliachwa wazi na kujaa chakula, walijenga daraja jipya la dentini, ile sehemu ngumu inayozunguka kiini, na kupona. Tiba yote ya mzizi wa jino inayofanywa leo imesimama juu ya jambo hilo.

Utafiti wa maumivu hutumia njia ileile, ila kwa uangalifu zaidi. Panya ana meno 16. Meno ya mbele hayafai, kwa sababu hukua maisha yake yote, tofauti na ya binadamu. Hutumika gego la kwanza, ambalo kwa panya wa aina ndogo halifiki urefu wa milimita 2. Mnyama hulazwa kwa nusukaputi, mara nyingi ketamini pamoja na zailazini, juu ya kitanda chenye joto, kwani panya aliyelala hupoa upesi na anaweza kufa kwa baridi tu. Chini ya darubini, kichwa cha kutobolea cha mviringo chenye upana wa nusu milimita hivi hushushwa taratibu mpaka kiini kionekane. Maji ya kupoza hudondoshwa kidogo kidogo na kupanguswa, yasije yakaingia kwenye pumzi. Kisha tundu huachwa wazi, mate na bakteria wa kinywani wafanye kazi yao. Kufikia wiki ya 3 mfupa ulio kwenye ncha ya mzizi huwa umeliwa kiasi cha kuonekana kwenye skani.

Kosa la kawaida ni mkono kuzidi. Ukipitiliza sakafu ya kiini ukatokea katikati ya mizizi, umetengeneza jeraha jingine kabisa, na panya huyo hafai kuhesabiwa. Kosa la pili halionekani kwa macho: kuachama kwa muda mrefu kunaumiza misuli ya taya. Kwa hiyo lazima liwepo kundi la kulinganisha, panya waliolazwa na kuachamishwa kwa dakika zilezile bila kutobolewa. Utafiti usio na kundi hilo hauna thamani kubwa.

Panya hasemi, basi maumivu hupimwaje? Kwanza kwa nyuzi za von Frey, nyuzi laini ambazo kila moja hupinda kwa uzito unaojulikana, kuanzia sehemu ndogo sana ya gramu. Uzi hugusishwa kwenye shavu. Panya akikwepa uzito ambao zamani hakuujali, ngozi imekuwa na hisia iliyopita kiasi, kama yule mgonjwa wetu na upepo wa bodaboda. Pili ni uso wenyewe. Tangu 2010 kuna kipimo cha sura ya panya wa aina hiyo ndogo: macho kufinywa, pua na mashavu kuvimba, masikio kurudi nyuma, masharubu kubadilika mkao, kila alama ikipewa 0, 1 au 2. Hupimwa pia uzito, ujenzi wa kiota na hamu ya kufukua. Anayetoa alama hatakiwi kujua panya yupi ametobolewa. Na panya azoeshwe chumba na mtu kwa siku kadhaa kabla ya kupimwa, kwani hofu huficha maumivu: mwaka 2014 watafiti wa Kanada walionyesha kuwa harufu ya mwanamume peke yake, hata ya fulana aliyovaa, hupunguza dalili za maumivu kwa panya.

Kilichopatikana ndicho kinachomhusu mgonjwa wetu. Vipande vya gamba la bakteria huamsha moja kwa moja seli za neva ya trijemini, ile inayohudumia uso mzima. Nyuzi za neva huchipuka ndani ya kiini kilichovimba na kumwaga kemikali inayoitwa CGRP. Ujumbe ukimiminika kwa muda mrefu, seli za shina la ubongo zinazoupokea hubadilika, zikaanza kupiga kelele kwa mguso mdogo, wakati mwingine hata chanzo kikiwa kimeondolewa.

Lakini panya ana mipaka. Tundu lake limetobolewa kwa dakika chache. La binadamu huchukua miaka, na jino hupata muda wa kujijengea kinga. Kulikuwa na dawa za kuzuia kemikali nyingine, dutu P, zilizofanya vizuri kwa wanyama zikashindwa kutuliza maumivu ya watu. Za kuzuia CGRP, kwa upande mwingine, zilifaulu kwa kipandauso, ugonjwa unaohusisha neva hiyohiyo, na ya kwanza ya aina ya kingamwili iliidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Nchini Uganda utafiti wa aina hii hauanzi mpaka kamati ya ustawi wa wanyama ya taasisi iupitishe, na usajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kamati huuliza idadi ndogo kabisa ya panya inayotosha, chakula laini baada ya kutobolewa, na kikomo cha kumwondolea mnyama mateso, mara nyingi akipoteza asilimia 20 ya uzito.

Kwa aliyekwisha kung'olewa na bado anaumwa baada ya miezi 3: usikubali jino lingine liguswe kabla ya kupigwa eksirei na kupimwa kwa kitu baridi ili ijulikane kama kiini chake kiko hai. Mweleze daktari kama mguso mwepesi unauma, kama kuna ganzi au kuchoma kama pilipili. Maumivu ya namna hiyo hayasikii amoksilini. Hutibiwa kwa dawa za neva kama amitriptilini kwa dozi ndogo, ambayo daktari huipandisha polepole.