Ukinunua Biashara Kenya, Waweza Kununua na Madeni Yake

Wengi huamini kwamba ukishasajili kampuni, madeni yake hayakugusi. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Tangu kesi ya Salomon, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1896, kampuni huhesabiwa kuwa mtu mbele ya sheria, mwenye mali na madeni yake. Lakini aliyesajili jina la biashara tu hana kinga hiyo: anayemdai anaweza kufuata hata shamba lake.

Mwenye kampuni naye hujivua kinga anapotia sahihi dhamana binafsi benki, yaani ahadi kwamba kampuni ikishindwa kulipa mkopo, atalipa yeye mwenyewe. Vilevile, kampuni ikifilisika, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inairuhusu mahakama kumwamuru mkurugenzi achangie kwa mali yake, ikiwa aliendelea na biashara ilhali alijua, au alipaswa kujua, kwamba haiokoleki.

Linalonisikitisha zaidi ni masaibu ya wanunuzi. Sheria ya Uhamisho wa Biashara, Sura ya 500, inamtwika anayenunua biashara inayoendelea madeni ya biashara hiyo, isipokuwa uhamisho umetangazwa mapema, kwa muda uliowekwa, katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti linalosomwa eneo hilo. Kuandika kwenye mkataba kwamba "muuzaji atalipa madeni yake" hakutoshi. Maneno hayo ni kati yenu wawili. Msambazaji anayedai shilingi laki tatu za unga hakuwepo mlipoyakubali. Atakuja dukani, na atakayemkuta ni wewe. Ukishamlipa, kazi ya kumsaka muuzaji ni yako. Kampuni mpya iliyoundwa kuichukua biashara ya zamani haikwepi sheria hii kwa kubadilisha jina mlangoni.

Kununua hisa ni jambo jingine. Hapo kampuni ni ile ile, na inabaki na kila deni lake, kodi ikiwemo; hakuna tangazo litakaloyafuta.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, dai cheti cha Mamlaka ya Mapato cha kutimiza masharti ya kodi, orodha ya wanaodai, na taarifa za ofisi ya serikali ya usajili wa biashara kuhusu mali iliyowekwa dhamana ya mikopo. Wakili achapishe tangazo, na sehemu ya bei ikae kwake hadi muda wa tangazo uishe. Muuzaji akikataa hilo, muulize anadaiwa na nani.