Je, Wajua Kwa Nini Skrini ya Gari na Pampu ya Sheli Hazikubaliani?

Malalamiko haya hayakosekani kwenye gereji za Malindi: gari linaandika kilomita 15 kwa lita, lakini pesa za mafuta zinasema vingine. Mwenye gari hulaumu kiyoyozi. Jirani yake hulaumu matuta ya barabara ya Mombasa. Mwingine atakwambia ni petroli ya sheli fulani, haina nguvu. Fundi naye, siku isiyo na kazi, ataanza kufungua plagi.

Karibu yote hayo hayahusiki. Kiyoyozi kinakula mafuta, ndiyo, na tuta nalo linakula kila unapofunga breki na kukanyaga tena. Lakini skrini inayajua hayo. Mafuta yaliyozungusha kompresa ya kiyoyozi yamepita kwenye nozo zilezile zinazonyunyizia injini petroli, na kuhesabiwa na kompyuta ileile ya gari. Joto la Machi likikufanya uwashe kiyoyozi kutwa, namba ya skrini itashuka pia. Kwa hivyo kiyoyozi hakiwezi kuwa sababu ya skrini kusema 15 na pampu kusema 14. Sababu iko kwenye namna skrini inavyohesabu.

Ungedhani inatazama tangi. Haitazami. Ndani ya tangi mna boya linaloelea, ndilo linalosogeza mshale wa geji, nalo ni la kukadiria tu. Egesha gari upande upande kwenye mtaro uone mshale unavyocheza. Kompyuta hutazama nozo za injini. Kila nozo hufunguliwa kwa umeme kwa milisekunde chache, ikanyunyiza petroli, ikafungwa. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, nozo zote pamoja hufunguka mara 4,000 ndani ya dakika hiyo. Kompyuta hujumlisha muda wote zilipokuwa wazi, ikauzidisha kwa kiasi ambacho nozo ya aina hiyo inatarajiwa kupitisha, na jibu ndilo lita unazoonyeshwa. Hakuna mahali petroli yenyewe ilipopimwa. Kilichopimwa ni muda.

Sasa fikiria nozo inayofunguka milisekunde 3. Ikikawia kufunga kwa sehemu moja tu ya kumi ya milisekunde, hesabu imeshakosea kwa zaidi ya asilimia 3. Na nozo zetu si mpya. Kenya inaruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa halijazidi miaka minane, halafu sisi tunaliendesha mpaka rangi imalizwe na chumvi ya bahari. Nozo inayovuja hupitisha petroli ambayo kompyuta haikuiagiza, basi skrini inakupamba. Nozo iliyoziba hufanya kinyume: kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi kinagundua kwamba petroli ni chache, kompyuta inarefusha muda, na skrini inahesabu mafuta ambayo hayakupita. Ndiyo maana magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja, yanaweza kudanganya kwa viwango tofauti.

Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kilomita, ambazo hutokana na mizunguko ya magurudumu. Tairi iliyolika ina mzingo mdogo kidogo kuliko ilipokuwa mpya, kwa hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kufika Kilifi, na gari linajiandikia kilomita ambazo halikwenda. Kwa tairi iliyokwisha kosa hilo linaweza kufika asilimia moja au hata mbili. Waliovalisha gari tairi kubwa ili wapite njia za Marafa wana tatizo la upande wa pili: kilomita zao zinahesabiwa pungufu, na gari linaonekana mlafi kuliko lilivyo. Ramani ya simu itakuonyesha kosa hili upesi. Linganisha umbali wake na wa mita ya gari kwa safari ndefu, si ya kutoka sokoni hadi Casuarina.

Makosa yanaweza kwenda huku au kule, lakini magari mengi huelekea upande wa kumfurahisha mwenye gari, kwa asilimia chache, mengine hata 10. Mimi sioni ajabu. Ni nani atakayerudisha gari kwa sababu skrini yake inasifu sana? Ulaya waliliona jambo hili: tangu 2021 magari mapya ya petroli na dizeli huko lazima yawe na kifaa cha kuweka kumbukumbu ya mafuta yaliyotumika, na kosa lake lisizidi asilimia 5. Gari lako la kutoka Japani la 2016 halina sharti hilo.

Kuna na kosa letu wenyewe, la kichwani. Chukua safari ya Malindi hadi Mombasa, kama kilomita 120, na Kilifi iko katikati. Tuseme mpaka Kilifi barabara ilikuwa wazi, ukapata 20 kwa lita. Kutoka Kilifi kuna malori, kuna Mtwapa na foleni zake, ukapata 10. Wengi watasema wastani ni 15. Hesabu lita: 60 za kwanza zimekula lita 3, 60 za pili zimekula 6. Jumla ni lita 9 kwa kilomita 120, yaani 13.3. Sehemu mbaya ya safari ndiyo iliyokunywa zaidi, kwa hivyo ndiyo yenye sauti zaidi kwenye wastani. Anayekumbuka namba nzuri aliyoiona akipita Gede, kabla ya Kilifi, atakuwa na kinyongo na gari lake bure.

Namba ya kiwandani, ile anayokutajia muuza magari, ni kisa kingine, na hapo ndipo kiyoyozi na matuta vinapostahili lawama zao. Magari mengi tuliyonayo yalipimwa Japani kwa kipimo kiitwacho JC08: gari linazungushwa juu ya rola ndani ya maabara, kiyoyozi kimezimwa, mwendo wa wastani ni kama kilomita 24 kwa saa na kasi kubwa kabisa haifiki 82. Rola haina mchanga, haina tuta. Tena haina upepo wa kusi. Ukitoka Malindi kuelekea Mombasa kwa kilomita 80 kwa saa, nao kusi unakujia usoni kwa 20, gari linapasua hewa kana kwamba linakwenda 100, na kwa kuwa ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, umeongezeka kwa asilimia 56. Ukirudi upepo utakusukuma, lakini haukulipi chote ulichopoteza: ukijumlisha kwenda na kurudi, ukinzani bado umezidi kwa asilimia 6 kuliko siku isiyo na upepo.

Na hapo tunazungumzia vipimo vilivyofanywa kwa haki. Aprili 2016 Mitsubishi Motors ilikiri kwamba ilichezea vipimo vya mafuta vya magari yake madogo. Hata bila hila pengo lipo. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu za magari yaliyosajiliwa 2021, na yale ya petroli na dizeli yalikuwa yanatumia kama asilimia 20 zaidi ya namba za kiwandani barabarani. Magari ya mseto wa petroli na umeme, yale ya kuchaji kwa waya, yalitumia mara tatu na nusu ya namba zao za kiwandani, pengine kwa sababu wenyewe hawayachaji.

Kinachotuzuia kujua ukweli hapa kwetu ni namna tunavyonunua mafuta. "Weka ya mia tano." Ya mia tano ni lita ngapi? Inategemea mwezi, kwa sababu EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei kila tarehe 14 na ikaanza kutumika siku ya pili yake. Mtu analinganisha mia tano ya mwezi jana na ya mwezi huu, bei imepanda katikati, kisha anampelekea fundi gari lisilo na tatizo.

Ukitaka kupima, jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, na umwambie kijana wa pampu asiongeze ili kufikisha shilingi kamili. Hapo ndipo vipimo vingi huharibikia, kwa sababu wanapenda sana kufikisha. Rudisha mita ya safari kwenye sufuri, na wastani wa skrini pia. Tembea mpaka tangi likaribie robo, urudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze vilevile. Safari ya Mokowe, kwenye gati la kuvukia Lamu, na kurudi inafaa sana, zaidi ya kilomita 400. Gari unaliacha bara, na Lamu mjini utapanda punda, ambaye hana skrini. Tuseme mita imeandika kilomita 436 na pampu imeweka lita 33.5. Gawa: 13.0. Ikiwa skrini ilisema 14.2, inazidisha kwa asilimia 9.

Usiiamini sana namba ya mara moja. Pampu inaweza kujikata mapema au kuchelewa, na tofauti ya lita moja kwenye 33 ni asilimia 3 nzima. Jumlisha lita zote na kilomita zote za matangi matatu au manne, kisha ndiyo ugawe. Kosa la skrini kwa kawaida halibadiliki sana kwenye gari moja, basi ukishalijua unaweza kulipunguza kichwani: kwa gari hili la mfano, kila 14 inayoonyeshwa ni kama 12.8. Ukivalisha tairi za saizi nyingine au ukisafisha nozo, pima tena.