Maporomoko ya Yudaki huanzia kwenye chemchemi

Wageni wengi wanaofika Yumoto, kijiji cha chemchemi za maji moto kilichojificha nyuma ya milima ya Nikko nchini Japani, huteremka kwenye basi, huacha mizigo yao katika nyumba ya wageni, kisha huuliza njia ya kwenda Yudaki. Mimi ni mwanajiolojia wa maji, na kila ninapoombwa ushauri kuhusu safari hiyo, huwaambia watu wayape maporomoko kisogo kwanza, waelekee upande wa pili wa kijiji, mahali ambapo barabara inaishia na harufu ya yai viza inaanza.

Hapo pana kibwawa cha tope kinachoitwa Yunodaira. Vibanda vidogo vya mbao, vifupi kuliko mtu mzima, vimejengwa juu ya matundu ambamo maji moto huchimbuka, na kutoka humo mabomba huyapeleka hadi kwenye nyumba za kuogea. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 huyatambua maji ya ardhini kuwa onsen, yaani maji ya chemchemi moto, iwapo yana joto la nyuzi 25 au zaidi yanapotoka, au iwapo yana kiwango kilichowekwa cha madini fulani. Maji ya Yumoto hayana haja ya kutegemea kipengele cha pili, kwa kuwa huchimbuka yakiwa moto kupita anavyoweza kustahimili muogaji, na hulazimika kupozwa kwanza.

Harufu ile ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo hupanda pamoja na maji kutoka kwenye miamba yenye joto la volkano. Maji yanapotoka ardhini huwa maangavu. Yakishakutana na hewa, oksijeni huibadilisha gesi hiyo kuwa chembechembe za salfa, ndogo mno kiasi cha kutozama upesi, nazo huutawanya mwanga hata maji yakaonekana kama maziwa yaliyotiwa rangi ya kijani kidogo. Kwa hiyo ukikuta birika moja la kuogea lina maji maangavu na jingine lina maji meupe, usidhani kwamba yanatoka chemchemi tofauti. Mara nyingi tofauti iliyopo ni muda ambao maji yamekaa hewani. Gesi hiyohiyo huishambulia fedha. Mara ya kwanza nilipokwenda nilisahau kuvua pete yangu, nayo ikawa nyeusi kabla sijamaliza chai ya jioni, jambo la aibu kwa mtu anayelipwa kuijua kemia ya maji.

Mapokeo ya mahali hapo yanasema kwamba chemchemi ziligunduliwa mwaka 788 na Shodo, mtawa wa Kibudha aliyeifungua milima ya Nikko kwa ibada, na hekalu la Onsenji lililo karibu na vibanda vile bado lina bafu ambamo mgeni anaweza kuoga.

Kutoka hapo maji hushuka hadi Ziwa Yunoko, lililo takribani mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa dogo, ambalo mtu huweza kulizunguka kwa miguu kwa muda wa saa moja bila haraka, na kina chake hakizidi sana mita 12. Wakati wa baridi kali uso wake huganda, isipokuwa ule ukingo wa kaskazini ambako maji ya chemchemi huingia, na huko ndiko bata hukusanyika. Fuata njia ya msituni ya upande wa magharibi hadi mwisho wa kusini. Maji yametulia, wavuvi wamesimama ndani yake hadi magotini, halafu ghafla, katika mwanya mmoja tu, ziwa lote huonekana kama limeinamishwa na kumwagika.

Kwa nini ziwa liishie hapo? Kusimama kwenye ukingo wa Yudaki ni kusimama juu ya boma ambalo halikujengwa na mtu. Zamani mto Yukawa ulipita katika bonde hili bila kizuizi, hadi volkano ya Mitsudake, mlima wenye misitu unaouona upande wa mashariki, ilipotoa lava nzito iliyoburuzika polepole na kulivuka bonde. Lava ya namna hiyo haikimbii kama ile nyepesi tunayoiona ikitiririka kwenye picha za Nyiragongo. Hurundikana, hupoa ikiwa nene, na huacha ukuta wenye uso mkali upande wa mbele. Mto ulizibwa, maji yakapanda nyuma ya ukuta yakawa ziwa, na yalipofika sehemu iliyo chini kuliko nyingine yakaanza kumwagikia upande wa pili. Sehemu hiyo ndiyo Yudaki. Ziwa na maporomoko, basi, ni watoto wa tukio moja.

Wasomaji wa Rwanda wanaijua hadithi hii kwa majina mengine. Maziwa ya Bulera na Ruhondo, chini ya volkano ya Muhabura, nayo yalizaliwa pale lava ilipoyaziba mabonde, na tofauti ya takribani mita 100 baina ya nyuso za maziwa hayo mawili ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Anayetaka kuielewa Yudaki bila kukata tiketi ya ndege anaweza kuanzia huko.

Jina lake huwapotosha wageni. Kwa Kijapani “yu” ni maji moto na “taki” ni maporomoko, na silabi hiyo ya kwanza imo pia katika Yumoto, Yunoko na Yukawa. Hata hivyo ukiyagusa maji chini ya Yudaki utayakuta baridi, kwa sababu vijito vya milimani vinavyoingia ziwani vimekwisha kuyazidi maji ya chemchemi.

Umbo lake pia linahitaji maelezo. Yudaki haianguki hewani. Maji hushikamana na mwamba wenye mteremko, hupasuka kuwa nyuzi nyingi nyeupe, huungana tena na kutanuka kadiri yanavyoshuka, na ndiyo maana vipimo hutofautiana: wapo wanaotaja mita 50 na wapo wanaotaja 70, kwa kuwa si wote wanaopima kitu kilekile. Linganisha na Kegon, maporomoko mashuhuri zaidi ya eneo hilo, ambako maji ya Ziwa Chuzenji huanguka wima mita 97. Kule miamba migumu imelala juu ya tabaka dhaifu zaidi. Tabaka la chini huliwa, la juu hubaki likining’inia, kisha hukatika, kama lilivyokatika mwaka 1986 sehemu ya ukingo ilipoporomoka. Watu hupiga foleni kuiona Kegon, tena kiasi cha maji yake hudhibitiwa na binadamu kwa milango iliyopo kwenye tokeo la ziwa. Mimi naipenda zaidi Yudaki, ambako unaweza kusimama karibu ukauona mwamba wenyewe ukifanya kazi.

Kando ya maporomoko pana ngazi kali zinazoshuka hadi kwenye jukwaa la kutazamia. Ngazi hizo huwa na utelezi kwa sababu ya mnyunyizo, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ya kushika. Chini kuna mgahawa unaochoma samaki aina ya ayu kwa chumvi, wakiwa wamechomekwa vijiti. Dubu weusi wapo msituni, na wenyeji hutembea na kengele ndogo mkobani ili mnyama asishtukizwe. Mwezi wa Oktoba majani yanapogeuka rangi, barabara ya Irohazaka yenye kona 48, ukihesabu za kupanda na za kushuka, hujaa magari kiasi kwamba safari ya basi huweza kuchukua muda mara mbili. Anayeweza kuchagua aende Juni, au katikati ya wiki.

Mwenye nguvu za miguu aendelee na njia ya mbao inayofuata mto hadi tambarare ya majimaji ya Senjogahara na maporomoko ya Ryuzu, mwendo wa saa tatu hivi. Asiye nazo apande tena ngazi zilezile na kurudi kijijini kuoga. Ajisugue kwa sabuni na kujisuuza nje ya birika kabla ya kuingia, aliache taulo kubwa nje, na asikae sana siku ya kwanza, kwani maji yale huchosha. Taulo nililorudi nalo lilifuliwa mara mbili na bado lilinuka kiberiti.